Jipu Halisomi Kadi

Mwalimu wa Handeni anaruhusiwa kuumwa malaria, meno, hata kuumwa na nyoka. Jipu la kalioni haruhusiwi, maana kila mzazi anayekutana naye Chanika huona anavyotembea, na lazima aulize, tena mbele ya watoto: "Mwalimu, vipi tena?"

Kadi ya bima ninayo. Kila mwezi mshahara wangu hukatwa asilimia 3, na mwajiri naye huongeza asilimia 3 yake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001 unanitambua mimi, mama watoto na wategemezi wengine wanne. Kwa hiyo nilitoka nyumbani kifua mbele, ingawa sehemu nyingine ilifuata nyuma kwa tahadhari.

Daktari sikumtaka. Huku kwetu kazi kubwa hufanywa na manesi na matabibu, na wote tunawaita "dokta" bila kudaiana vyeti. Jipu haliombi bingwa wa Muhimbili, linaomba nesi mwenye mkono mwepesi. Na wa mkono mwepesi anajulikana: mama mmoja mstaafu aliyezalisha nusu ya darasa langu. Siku hizi yuko kwenye duka la dawa muhimu.

"Shikamoo mama. Nina jipu."

"Marahaba. Pole, mwalimu wangu. Ningekuwa wodini ungekuwa umeshapona. Hapa leseni ni ya kuuza dawa. Nikikupasua wewe, wakaguzi watanipasua mimi. Nikupe panadol?"

Akanielekeza zahanati moja ya binafsi yenye ubao: BIMA TUNAPOKEA. Tangu Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilipogomea kitita kipya cha malipo, sisi wenye kadi tumezoea kusoma ubao na kisha kuuliza kwa mdomo. Nikauliza. Wanapokea.

"Weka kidole," akasema binti wa mapokezi.

Nikaweka. Mashine ikakataa. Nikafuta kidole kwenye suruali, ikakataa. Binti akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha na kuukagua.

"Mwalimu, wewe huna alama za vidole. Chaki imezila."

Tukajaribu cha kati, tukajaribu gumba, tukahamia mkono wa kushoto usioandika ubaoni. Kidole cha pete kikakubali, na papo hapo mtandao ukakata. Uliporudi, ikaonekana kwamba ngazi ya zahanati ile hairuhusu kupasua majipu kwa bima.

"Na kwa fedha taslimu?"

"Kwa taslimu tunapasua."

Mpaka leo natafuta mtu wa kunieleza zahanati inapandaje ngazi mara tu noti inapotoka mfukoni.

Nikapanda Costa ya Korogwe. Ni kilomita 65 za lami, na lami ya Tanzania haikamiliki bila matuta. Nilikaa upande, kalio moja kwenye siti na jingine hewani. Konda hakupenda. "Mzee, kaa vizuri, hiyo siti ya watatu!" Mama wa jirani akaniinamia kwa huruma: "Baba, ni bawasiri?" Alidhani amenong'ona. Kabla hatujafika mbali, gari zima lilikuwa limeshaniandikia dawa: mwarobaini, kitunguu cha kuchoma, na babu fulani wa Mombo ambaye hataki fedha, anataka jogoo.

Kwenye tuta la kuingia Korogwe dereva alikuwa anaongea na simu. Tulipaa wote. Nilipotua, nilitua na makalio yote mawili. Sitaeleza zaidi, wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kwamba maumivu yaliisha pale pale, na mama wa jirani akahama siti.

Korogwe mambo yalinyooka: mtandao upo, kidole cha pete kimesoma, nesi yupo. Kijana akachungulia kidonda, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani amekupasua, mwalimu? Amefanya kazi nzuri."

"Tuta."

Akaandika "kusafisha kidonda", nikatia saini.

Waheshimiwa wabunge wa Handeni na Korogwe, mwaka 2023 Bunge lilitupitishia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunashukuru. Sasa tunaomba ya Nesi kwa Wote, na yule mama wa duka la dawa arudishiwe mkasi wake.