Barua ya Wazi kwa Serikali za Kaunti za Migori na Homa Bay

Kwa Waheshimiwa Magavana na Mawaziri wa Afya wa kaunti hizo mbili,

KUH: PONGEZI KWA KUTOVISUMBUA VIDONGE

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinastahili pongezi kwa namna zilivyolitekeleza Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, ambalo liliziachia kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa, kisha, katika kipengele cha 13, likazikabidhi kwa mkupuo mmoja udhibiti wa dawa za kulevya na wa ponografia. Mzigo huo umegawanywa kwa ustadi: leseni ya duka la dawa ni ya Bodi ya Famasia na Sumu huko Nairobi, msako ni wa polisi, maombi ni ya kanisa, na kaunti imebakiwa na hotuba.

Hotuba hiyo husomwa kila tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupinga dawa za kulevya, na husindikizwa na fulana, kofia na maturubai yanayong'olewa kabla ya magharibi. Adui anayetajwa ni bangi na chang'aa. Afyuni, yaani kundi la dawa linalojumuisha mofini, kodeini, heroini na tramadoli, huachiwa Mombasa na Malindi, kana kwamba kidonge hakijui kupanda basi.

Tramadoli, hata hivyo, haihitaji magendo. Ni dawa halali ya maumivu, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977 na isiyokuwamo katika orodha za mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya, ingawa nchini Kenya inapaswa kutolewa kwa cheti cha daktari. Mchimba dhahabu wa Macalder anayeumwa mgongo, au mvuvi wa Mbita aliyevuta nyavu usiku kucha, hahitaji kuwa mhalifu ili aizoee, kwa kuwa maumivu ni ya kweli, kaunta i karibu, foleni ya hospitali ni ndefu, na mwili uliozoea kidonge kimoja hudai viwili ili upate nafuu ileile. Siku akikikosa, jasho, kuhara, maumivu ya viungo na kukesha humvamia kwa pamoja, hali ambayo watu wa pwani huiita arosto, na ambayo katika ukanda wa ziwa ni rahisi kudhaniwa malaria.

Tiba ipo. Methadoni, ambayo nayo ni ya kundi la afyuni lakini hunywewa kwa kipimo mbele ya mhudumu ili kuizima arosto, ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari mwezi Desemba mwaka 2014, ikafika Malindi mwaka uliofuata, na baadaye Kisumu. Kwa kuwa hunywewa kila siku, mkazi wa Isebania amejaliwa kuitalii Nyanza kila alfajiri, kupitia Migori, Rongo, Kisii na Oyugis hadi Kisumu, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, kisha arudi kutafuta kazi itakayolipia nauli ya kesho.

Afyuni iliyozidi kipimo huua kwa kuidhoofisha pumzi hadi ikome, ilhali naloksoni, dawa ya kudungwa au kupulizwa puani, ikiwahi huirejesha kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kuwa karibu na mgonjwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000 nchini kote, walipewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari na kipimajoto. Hao ndio wanaoijua nyumba ambayo kijana wake hajaamka hadi saa sita na midomo imeanza kuwa buluu, lakini chupa ya naloksoni, inavyoelekea, ingeulemea mkoba.

Woga wa afyuni, usioonekana kwenye kaunta, umehifadhiwa kwa mgonjwa wa saratani anayekata roho bila mofini, wakati Uganda, ng'ambo ya ziwa, iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika tangu mwaka 2004.

Inapendekezwa kwa unyenyekevu kwamba Juni ijayo maturubai yasing'olewe, na chini yake afunguliwe mgonjwa dirisha la methadoni, moja Migori na jingine Homa Bay, hata kama itabidi fulana zipunguzwe.

Nakala kwa:

NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo nambari yake ya 1192 hupigwa bila malipo, na ambayo kwa hiyo iko karibu na kila mwenye chaji kwenye simu.

Duka la dawa lililo jirani, ambalo halikuhitaji nakala, kwa kuwa habari za mgonjwa hulifikia kabla ya zahanati.