Dawa Ni Kapasita

Wanaouza miongozo ya kutengeneza monita za mashine za zamani za michezo huko Marekani wanasemwa vibaya bure. Ni kweli, kampuni ya Electrohome ya Kanada ilishatoa kitabu cha mafundi wa monita yake ya G07, chenye mchoro wa saketi na namba za vipuri, na leo nakala yake hupatikana bila kutoa hata senti. Lakini cha bure kina ladha gani? Aliyeunakili mchoro uleule, akautia ukungu kidogo na jina lake pembeni, ametoka jasho.

Ushauri wake nao ni mzito: badilisha kapasita zote. Picha imejikunja? Kapasita. Lehemu ya shingoni mwa kioo imepasuka, kijani kimetoweka? Kapasita. Monita haiwaki kabisa? Kwani kapasita umebadilisha? Hata mganga wa kienyeji hubadili dawa mara mojamoja. Huyu ana msimamo.

Na ule umeme unaobaki kwenye kioo hata waya ukishachomolewa, volti maelfu kwa maelfu? Wenye bisibisi mkononi wasihofu. Umeelezwa vizuri sana, kwenye juzuu ya pili, inayouzwa kando.