Saa Inayoomba Kazi Kyela: Jinsi ya Kuifanyia Usaili

Saa nyingi za mkononi zinazofika Kyela zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa ofisini penye kiyoyozi. Huku zinakutana na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, joto la bonde lililo takriban meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, tope la majaruba ya mpunga, mafuta ya mawese, mchanga wa ufukwe wa Matema na maji ya Ziwa Nyasa. Mwezi wa kwanza zinang'aa. Mwezi wa tatu kioo kimejaa ukungu, tarakimu zimekatika vipande, na mwenye saa akiulizwa ni saa ngapi anaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Ndiyo maana saa haifai kuchaguliwa kwa sura. Ifanyie usaili. Wewe mnunuzi ni mwenyekiti wa bodi, na saa ni mwombaji kazi. Kazi yenyewe ni kukimbia nawe alfajiri, kushinda nawe shambani au mtumbwini, kuogelea nawe jioni, kukaa nawe ibadani bila kulia ovyo, kisha kukuamsha kesho yake. Asiyeziweza zote hizo hafai, hata akiwa mrembo namna gani. Maswali ya usaili ni haya.

1. Soma cheti chake mgongoni

Geuza saa usome maandishi ya kwenye bamba la nyuma, au yale ya usoni. Palipoandikwa "WATER RESIST" bila namba yoyote, mwombaji huyo ameomba kazi ya kuvumilia manyunyu na kunawa mikono, basi. Palipoandikwa 5BAR, yaani meta 50, anaweza kuogelea kidogo. Mwenye 10BAR, yaani meta 100, ndiye wa Kyela: anaogelea, ananyeshewa masika nzima, anaingia jarubani hadi kiwiko. Mwenye 20BAR anafanya yote hayo na nguvu inabaki.

Hapa wengi hunaswa. Meta 100 haina maana kwamba unaruhusiwa kuzama meta 100. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya na mpira wake wa ndani unaozuia maji ukiwa mzima. Mpira huo huchakaa mwaka hadi mwaka, na jua, jasho na sabuni huuzeesha haraka zaidi. Kwa hiyo nunua saa yenye uwezo unaozidi mahitaji yako, na ukiwa majini usibonyeze kitufe chochote. Kitufe kikibonyezwa chini ya maji hufungua njia, na maji ya ziwa hayahitaji kukaribishwa mara mbili.

2. Muulize anakula nini

Saa ya tarakimu isiyo na makuu hula betri moja ndogo kwa miaka. Casio F-91W, iliyoingia sokoni mwaka 1989 na bado inatengenezwa, ina uzito wa gramu 21 na betri yake hukadiriwa kudumu miaka 7. Casio W-800H na AE-1200WH zimekadiriwa miaka 10. Mtoto aliyezaliwa siku uliponunua saa hiyo anaweza kuwa darasa la nne kabla hujamtafuta fundi.

Saa janja nyingi, kwa upande wake, hudai chaja kila baada ya siku moja au chache. Umeme ukikatika usiku, alfajiri mwanamichezo amevaa bangili.

3. Muulize ameanguka mara ngapi

Swali hili lina historia nzuri. Mwaka 1981 mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, aliamua kuunda saa isiyovunjika baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka na kuharibika. Alijiwekea masharti matatu: ihimili kuanguka kutoka meta 10, ihimili maji ya 10BAR, na betri idumu miaka 10. Yeye na wenzake walitengeneza zaidi ya saa 200 za majaribio. Jibu alilipata bustanini, alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitovu cha mpira hakipigwi na ardhi. Akaining'iniza mashine ya saa ndani ya ganda, ikigusana nalo sehemu chache tu. Mwaka 1983 G-Shock ya kwanza ikatoka.

Hekima hiyo unaweza kuipima dukani kwa sekunde mbili. Ilaze saa kifudifudi juu ya meza. Kioo kikigusa meza, kila ukuta, kila jiwe na kila ukingo wa mtumbwi utakigusa pia. Ukingo wa ganda ukiwa umeinuka na kioo kikabaki hewani, mwombaji huyo amefundwa.

4. Mpime usoni

Toka naye nje kwenye jua la saa saba mchana. Tarakimu nyeusi juu ya uso wa kijivu husomeka vizuri juani. Tarakimu nyeupe juu ya uso mweusi hupendeza kwenye picha, lakini juani na gizani humlazimisha mtu kuzungusha mkono akitafuta pembe. Mkimbiaji hana nafasi ya kutafuta pembe. Kisha funika saa kwa kiganja na uwashe taa yake. Kama huwezi kusoma dakika, alfajiri ya Kyela itakushinda.

Tazama na mkanda. Mkanda wa plastiki au mpira unafaa jasho na tope kuliko wa ngozi, ambao ukilowa kila siku huoza na kunuka. Hakikisha unafunguliwa na kubadilishwa, kwa sababu katika saa imara mkanda hufa kabla ya mashine.

5. Wabaini wenye vyeti vya kughushi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachuuzi wengi ni watu waaminifu, ila mzigo wenyewe una udanganyifu mwingi, na jina kubwa kwenye uso wa saa halithibitishi kitu. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba niijaribu kwanza." Kama ni F-91W, bonyeza kitufe cha chini upande wa kulia na ukishikilie kwa sekunde tatu. Iliyo halali huandika CASIO pale palipokuwa na saa. Feki nyingi hukaa kimya au huandika vituko. Wapo waigaji waliokwisha kuijua siri hii, basi tazama pia maandishi ya mgongoni: yawe yamechorwa ndani ya chuma, yasomeke, wala yasifutike kwa ukucha. Saa isiyo na namba ya aina yake mgongoni haijafika kwenye usaili.

6. Mpeleke mazoezini

Mwaka huohuo wa 1989 F-91W ilipozaliwa, Mtanzania Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, akiwa na muda wa 2:09:48 sawasawa na Mjerumani Amanal Petros. Waliachana kwa sekunde 0.03. Baada ya kilometa 42, tofauti ya bingwa na mshindi wa pili ilikuwa ndogo kuliko kupepesa jicho. Mwenye kusema "nakimbia tu, muda wa nini" atafakari hapo.

Kwa mazoezi unahitaji kipima mbio kinachovuka saa moja. Hapa F-91W inakwama: huhesabu hadi dakika 59 na sekunde 59, kisha huanza upya. Inamtosha anayezunguka uwanja wa mpira, lakini aliyetoka Kyela mjini kukimbia kuelekea Ipinda itampotezea hesabu. W-800H na AE-1200WH huvuka saa moja bila shida, na AE-1200WH ina pia kipima muda cha kurudi nyuma, kinachofaa sana kwa kukimbia dakika mbili na kutembea moja kwenye mchanga wa Matema.

Mapigo ya moyo hayahitaji saa ya bei mbaya. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Andika kila wiki. Mapigo yanapopungua kwa mwendo uleule, mazoezi yanakusaidia, na hilo umelijua kwa saa ya kawaida.

7. Muulize kuhusu Malawi

Ukivuka daraja la mto Songwe pale Kasumulu, muda unarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa Malawi iko saa moja nyuma ya Tanzania. Mfanyabiashara anayevuka asubuhi na kurudi jioni anahitaji saa yenye muda wa nchi mbili. W-800H inao. AE-1200WH hutumia miji: kwa Tanzania chagua JED, yaani Jeddah, ambayo iko sawa nasi, na kwa Malawi chagua CAI, yaani Cairo, huku saa ya kiangazi ikiwa imezimwa.

8. Saini mkataba wa kumtunza

Saa imara nayo ina haki zake. Ioshe kwa maji safi baada ya mchanga na tope, uifute. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET hulainisha plastiki, kwa hiyo jipake kwanza, nawa mikono, acha ngozi ikauke, ndipo uvae. Usiiache juani juu ya tangi la pikipiki, kwani joto kali huufanya uso wote uwe mweusi. Isawazishe kila mwezi kwa saa ya simu, maana F-91W inaruhusiwa kukosea hadi sekunde 30 kwa mwezi.

Siku ya kubadilisha betri, kaa mbele ya fundi utazame. Atafungua skrubu nne ndogo na kuinua bamba. Chini yake kuna duara la mpira mweusi, jembamba, lililolala ndani ya mfereji wake. Hilo ndilo linalozuia ziwa zima. Lisiwe limepasuka wala kujikunja, na pasiwe na unywele au punje ya mchanga juu yake. Mwombe fundi kwa heshima alifute, alipake grisi ya silikoni kidogo na alirudishe sawasawa. Fundi akilitupa kwa haraka, saa yako imerudi kuwa ya kuvaa siku ya jua.

Uamuzi wa bodi

Kama huogelei na hukimbii zaidi ya saa moja, ajiri F-91W halali. Kama maisha yako ni ziwa, jaruba, barabara na mpaka, ajiri W-800H au AE-1200WH. Kama unapanda pikipiki kila siku, unabeba matofali au unavua usiku, jikusanyie fedha taratibu ununue G-Shock ya halali. Saa janja yenye kupima umbali ichukue anayejiandaa kwa mashindano na mwenye umeme wa uhakika. Wote mliobaki, msinunue saa tatu mbovu kwa bei inayotosha moja nzuri. Nunua moja, ivae, na kesho alfajiri ikilia, amka ukimbie.