Mashahidi wa Injini Moja

Gari linaponunuliwa mkononi, yaani kwa mmiliki aliyekwisha kulitumia hapa nchini badala ya kuagizwa moja kwa moja kutoka Japani, huja na swali ambalo mnunuzi huchelewa kuliuliza: injini iliyomo ndani yake ni ipi hasa? Swali huonekana jepesi hadi siku ya kwenda duka la spea, pale muuzaji anapouliza bila kuinua macho, “Injini gani?”, na mwenye gari, aliyejiandaa kuulizwa mwaka au rangi, hujibu kwa fahari kwamba injini yake ni VVT-i. Jibu hilo si uongo, ila ni sawa na mgonjwa anayeulizwa jina lake dirishani akasema amevaa miwani. VVT-i ni mfumo wa Toyota unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa vali kulingana na kazi ambayo injini inafanya, na umo katika kijiinjini cha lita 1.0 cha Vitz kama ulivyomo katika silinda sita za Grand Mark II. Neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kifuniko cha plastiki kwa sababu lilikusudiwa kusomwa na mteja, ilhali jina la injini limechongwa mahali ambapo hata panya hufika kwa tabu.

Jina lenyewe, kwa mfano 1NZ-FE, husomeka vizuri likikatwa vipande. NZ ni ukoo na tarakimu iliyotangulia humtaja mmoja wa wanaukoo. E ya mwisho hueleza kwamba mafuta hunyunyizwa na nozeli zinazoongozwa kielektroniki, na F kwamba silinda hedi ina shafti mbili za kamu na vali zilizopangwa kwa pembe nyembamba, mpangilio wa mtu anayekwenda kazini, tofauti na G, yenye pembe pana zaidi, iliyokusudiwa wenye haraka. Herufi inayotia watu hofu ni S inapojipenyeza katikati, kama katika 1AZ-FSE, kwa kuwa hutangaza mfumo wa D-4, ambamo petroli humwagwa ndani ya silinda moja kwa moja kwa pampu ya presha kubwa, na vali za kuingizia hewa, kwa kukosa petroli ya kuziosha, hujaa masizi. Fundi akiisikia D-4 huvuta pumzi kwanza, kisha hupandisha bei. Premio iliyotoka kati ya 2001 na 2007 ilifungwa NZ ya lita 1.5, ZZ ya lita 1.8 au hiyo AZ ya lita 2.0 ndani ya bodi ileile, na ndiyo maana baadhi ya Premio za lita 2.0 huonyeshwa wanunuzi zikiwa hazina kifuniko cha injini, ambacho, kwa maelezo ya dalali, kilitolewa ili injini ipate hewa.

Shahidi mwenye adabu zaidi ni kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, ambacho hutaja modeli, namba ya fremu na jina la injini. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 iliyozoeleka kwingine; yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, na msimbo huo hutoboa siri mapema. Katika NZE121, NZ ni injini na E ni Corolla. Katika GX110, G ni injini ya 1G na X ni Mark II, hata kama mwenye gari amebandika nyuma nembo ya 2.5 aliyoinunua barabarani kwenye foleni. Herufi za mbele kabisa, kama UA au DBA, zinahusu kanuni za moshi za Japani na hazina neno juu ya injini. Kanuni hii ingekuwa tamu kama si ile S, ambayo katika Noah ya zamani, SR40, humaanisha injini ya 3S, na katika Vitz ya kwanza, SCP10, humaanisha 1SZ, yenye nusu ya ukubwa wake.

Mgogoro mkubwa, hata hivyo, uko kwenye IST. NCP60 ilitoka na 2NZ-FE na NCP61 ikatoka na 1NZ-FE, ambazo mitaani huitwa “cc 1290” na “cc 1490”. Silinda za zote mbili zina kipenyo cha milimita 75. Kinachozitofautisha ni mwendo wa pistoni, milimita 73.5 kwa ile ndogo na 84.7 kwa ile kubwa, na jicho la mtu aliyeinama juu ya boneti haliwezi kuupima. Kwa hiyo IST moja huwa na cc 1290 mnunuzi akionekana kuhesabu mafuta, na ikawa na cc 1490 akitaja safari ya Moshi na familia.

Kibati nacho hutoa ushahidi wa siku ya kuzaliwa tu. Injini ikinoki, mwenye gari huletewa nyingine iliyotumika, na fundi hufunga ile inayoingia, si lazima ile iliyotoka, kisha kadi ya gari hubaki ikitaja namba ya injini ambayo pengine imekwisha kuwa sufuria. Dalali akiulizwa hujibu, “Hiyo ni ya kuzaliwa nayo, bosi.” Namba isiyodanganya ni ile iliyochongwa kwenye bloku, mara nyingi karibu na gia boksi, chini ya tope la oili na vumbi ambalo hakuna muosha magari aliyewahi kuombwa aliguse. Brashi, mafuta ya taa kidogo na simu iliyoingizwa kamera mbele vinatosha kuisoma, na ikitofautiana na kadi, jambo hilo lirekebishwe kwa mamlaka ya usajili kabla ya fedha kulipwa, si baada.

Na kwa kuwa 1NZ-FE na 2NZ-FE huendeshwa kwa cheni, mwenye IST aliyekwisha kulipia kubadilishiwa mkanda wa taimingi anashauriwa kurudi kwa fundi wake, kwa upole, akaombe kuonyeshwa mkanda huo umefungwa wapi.