Kilomita za Mazishi

Kitengela, saa nne usiku. Baba Neema amelala. Kesho anakwenda mjini kulipa arubuni ya gari lake la kwanza la umeme, na bado hajakata shauri: betri ndogo au kubwa? Bandani wako macho Odometa wa gari kuukuu, Soketi wa ukutani, Jerikeni wa lita 20, na Brosha, aliyeletwa jioni ile akiwa bado ananukia wino.

BROSHA: Shikamooni wazee. Mimi ni wa Atto 3 ya BYD. Betri yangu kubwa ni ya yuniti 60. Kilomita 480 kwa chaji moja! Kutoka hapa hadi Mombasa bila kusimama hata kununua ndizi.

ODOMETA: Marahaba, kijana. Hizo 480 alizihesabu nani?

BROSHA: Zimepimwa kwa kipimo cha NEDC. Gari linazungusha magurudumu maabarani, juu ya mapipa ya chuma.

ODOMETA: Kwa muda gani?

BROSHA: Dakika 20 hivi.

ODOMETA: Na mwendo?

BROSHA: Wastani wa… kilomita 34 kwa saa.

JERIKENI: Huo ni mwendo wa trela la saruji likipanda pale Salama!

SOKETI: Na AC?

BROSHA: Imezimwa. Lakini huo si uongo, mama. Magari yanapimwa namna moja ili mnunuzi apate kulinganisha. Anayetaka kipimo kikali zaidi, kuna WLTP. Hapo betri yangu kubwa inapata 420, na ile ndogo ya yuniti 50 inapata 345.

ODOMETA: Gari lile lile, betri ile ile, kilomita 60 zimeyeyuka kwa kubadilisha mtihani tu. Sasa tulitoe maabara tulitie barabarani. Likishika 100 kwa saa, linapigana na upepo, na upepo hauna huruma. Foleni ya Mombasa Road, ambayo ilikuwa inanimalizia petroli, hilo litaipita kwa raha: likisimama mota haili kitu, na dereva akipunguza mwendo mota inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Ni barabara tupu inayolichosha. Hesabu yuniti 17 hadi 20 kwa kila kilomita 100, kutegemea mguu wa Baba Neema, nami mguu wake naujua.

JERIKENI: Mzito.

ODOMETA: Mzito sana. Kwa hiyo Mombasa hafiki bila kusimama, awe na kubwa awe na ndogo. Na kurudi kuna kupanda zaidi ya mita 1,500 kutoka baharini hadi hapa. Gari la tani mbili, watu na mizigo ndani, kilima hicho peke yake kinataka kama yuniti 8.

BROSHA: Lakini Baba Neema aliwaambia wauzaji pale dukani kwamba Mombasa ndiko anakokwenda.

ODOMETA: Baba Neema? Nimekaa kwenye dashibodi yake tangu Neema hajazaliwa. Mara ya mwisho kuiona bahari, SGR haijaanza.

JERIKENI: Yaani kabla ya 2017!

ODOMETA: Siku hizi anapanda treni, analala, anaamka Miritini. Anataka kununua betri kubwa kwa safari anayoifanya akiwa kwenye kiti cha treni.

(Soketi, kama wengi wasioulizwa kitu, alikuwa na majibu tayari.)

SOKETI: Dukani mlimuuliza gari litafika wapi. Kuna aliyemuuliza litalala wapi? Litalala hapa, kwangu. Kazini na kurudi ni kilomita 60, yaani yuniti 10 au 11. Mkinichomekea saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nitampa yuniti 25. Hata ile ndogo haitaishia njiani, stima ikipotea usiku mmoja au miwili. Ila nasema mapema: nimezoea pasi ya dakika kumi, sijazoea kushikwa usiku kucha. Aite fundi anivutie waya mnene wangu peke yangu. Na ile ekstensheni ya kupikia chapati isiguswe!

BROSHA: Basi ndogo inatosha.

ODOMETA: Sijasema hivyo. Jumamosi je?

BROSHA: Jumamosi kuna nini?

ODOMETA: Wewe ni mgeni. Jumamosi kuna mazishi. Ushago ni ng'ambo ya mji wa Kitui, kilomita 180 kutoka hapa, na Jumapili asubuhi anaimba kwaya, kwa hiyo hurudi siku hiyo hiyo. Kilomita 360, watu watano, sufuria za mama mkwe kwenye buti, jua la Ukambani na AC mpaka mwisho. Safari hiyo haimo kwenye picha zako, kijana. Mmeweka ufuo na minazi.

BROSHA: (akijipekua) Hata kaburi moja sina.

ODOMETA: Mwendo wa adabu, usiozidi 80, hesabu yuniti 62. Ndogo ukiiachia akiba kidogo ina 45. Kubwa ina 54. Hakuna inayotosha.

SOKETI: Kwa mama mkwe kuna soketi jikoni, ni binamu yangu. Mazishi huchukua saa ngapi?

ODOMETA: Inategemea na wanasiasa. Akija MCA peke yake, saa tatu. Akija mbunge na gavana wakiwa hawaongei, tano.

SOKETI: Saa tano ni kama yuniti 12.

BROSHA: Hamsini na nne na kumi na mbili… sitini na sita! Kubwa inarudi nyumbani! Ndogo inakwama.

JERIKENI: Na wakiwa wamepatana?

ODOMETA: Saa tatu ni yuniti 7 na nusu. Atafika, ila akiba ataigusa, na AC watasahau kuanzia Machakos.

BROSHA: Kwa hiyo niandike: kubwa, kwa ajili ya hotuba.

SOKETI: Subirini. Ile soketi ya jikoni mara ya mwisho ilikuwa na kazi. Ndiyo waliyochomekea spika na maikrofoni ya mheshimiwa.

ODOMETA: Basi hakuna chaji. Labda spika zipelekwe kwenye jenereta ya kanisa.

SOKETI: Ile jenereta haina mafuta tangu Pasaka.

JERIKENI: (akijinyoosha) Nisogezeeni zile sufuria kwenye buti.