Pedeli Gani, Mjomba?

Goti langu la kushoto bado limefungwa kitambaa. Kila anayepita hapa Mtua, wilayani Nachingwea, ananipa pole, halafu anauliza kama pedeli nimeshaiokota. Sikuiokota, niliokotewa. Hilo linauma kuliko goti.

Ilianzia dukani. Niliomba pedeli. "Pedeli gani, mjomba?" akauliza muuzaji. "Ya kukanyagia, ya mkono au ya meno?"

Nyumbani kwetu pedeli ni chochote kinachozunguka chini ya tandiko. Kumbe kuna pedeli yenyewe, pale kandambili inapokaa. Kuna mkono unaoibeba, ambao fundi huuita krenki. Kuna gia ya mbele, yenye meno ya kuvuta cheni. Kuna ekseli ya kati, inayozunguka juu ya gololi ndani ya fremu. Na kuna kotapini, kijipini kilichochongwa ubapa upande mmoja, kinachogongwa kwa nyundo ili mkono usicheze kwenye ekseli. Kikilika, baiskeli inagonga "ko" kila mzunguko, kama mtu anayekumbushia deni lake.

"Ya kukanyagia," nikajibu kama mjuzi. Nikapewa jozi: moja ina herufi L, nyingine R. L niliielewa papo hapo, ni saizi kubwa, kama kwenye mashati. Nikashangaa tu M iko wapi. Kwa kuwa mguu wangu si mkubwa, nikachagua R.

Iliyovunjika ilikuwa ya kushoto. Nikaazima spana namba 15, nikafunga kwa kuzungusha kulia kama ninavyofunga nati zote tangu nipate akili. Ikagoma. Nikaongeza nguvu, ikaingia nyuzi mbili huku inalia. Nikajisifu: kinachoingia kwa taabu hakitoki kirahisi.

Kilitoka kwenye mteremko wa ghala la korosho, siku watu wamejaa kupima. Mguu wa kushoto ulikanyaga hewa, kisha ardhi, kisha nikaufuata mwili mzima. Baiskeli iliendelea peke yake hatua kadhaa, ikaegemea magunia kwa adabu. Mtoto wa shule akaja mbio amekumbatia pedeli. "Shikamoo mjomba. Mguu wako huu hapa." Nikaitikia marahaba nikiwa chali. Mtoto kalelewa vizuri, sina la kumlaumu.

Fundi alichungulia tundu la mkono, akasonya. "Mjomba, kushoto hufungwa kwa kuzungusha kushoto." Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania, na tangu siku hiyo silali vizuri kwa kuliwaza jambo hili. Chukua mchi, uuzungushe ndani ya kinu ukigusa ukingo wake. Ukiupeleka kushoto, wenyewe unajiviringisha kulia. Ndivyo ekseli ya pedeli inavyofanya ndani ya tundu lake, kidogo kidogo, kila unapokanyaga. Upande wa kulia mviringiko huo unakaza nyuzi za kawaida. Upande wa kushoto ungezifungua, kwa hiyo nyuzi za huko zimekatwa kinyume. Usidhani ni msuguano wa gololi. Msuguano huo unavuta upande wa kufungua, lakini mviringiko unaushinda nguvu. Ndugu Wright, walewale walioruka na ndege mwaka 1903, walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton, Marekani, na wanatajwa miongoni mwa waliogeuza nyuzi za kushoto mapema. Na ile baiskeli ya wanasarakasi, ya gurudumu moja, haina cheni. Mikono yake imefungwa kwenye ekseli ya gurudumu lenyewe. Mbele na nyuma yake hujulikana kwa pedeli: ukiipanda kinyumenyume, zinaanza kujifungua. L ni kushoto, R ni kulia. Basi.

Juzi niliulizia kotapini duka la spea za magari, nikapewa pini ya miguu miwili ya kupanuliwa. Wamarekani nao huiita hiyo kotapini.

Hata majina ya mahali yananisumbua: jana krenki yangu mpya ilipelekwa na bodaboda Kipara Mtua, badala ya hapa Mtua.

Mwanzoni nilicheka. Sasa nina hasira. Baiskeli si roketi. Ni chombo kinachobeba ufuta, madumu ya maji na mgonjwa wa usiku. Wasomi wetu wamebishana miaka kama ni kompyuta au tarakilishi, lakini mkono wa pedeli haujapata jina la kuvuka kutoka duka hili hadi la jirani. Boksi limeandikwa Kichina na Kiingereza. Mtengenezaji hapotezi kitu, muuzaji harudishi fedha. Anayelipa ni mkulima: jozi ya pedeli, mkono ulioliwa nyuzi, na siku nzima ya palizi. Hapa wilayani Nachingwea tuna kata inayoitwa Stesheni, wakati treni iliyoletwa na Mpango wa Karanga wa enzi ya ukoloni iliacha kuja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitu kimeondoka, jina tumelitunza. Baiskeli tunazo kila nyumba, na majina hatuna.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiharibikiwa usiende dukani na jina. Nenda na kile kibovu chenyewe mkononi, ukiweke juu ya kaunta, useme: "Kama hiki." Na ukipewa jozi, angalia herufi kabla ya kushika spana.