Kisanduku Hakilipi Ushuru

Hapa Busia, mama akivuka na trei ya mayai kutoka Uganda ataulizwa ni mangapi, ya nani na yanakwenda wapi. Kule Malaba, dereva wa lori hutoa makaratasi hadi mkono uchoke. Lakini kisanduku cha kusaidia yatima, chenye kufuli na picha ya mtoto iliyopauka, huzunguka stendi nzima bila swali.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, inayodai hesabu kila mwaka, ilitiwa saini 2013, ikalala fofofo hadi Mei 2024. Leo imeamka, wenye visanduku ndio wamejifanya wamelala.

Ewe mtoaji, kabla hujatumbukiza shilingi ishirini, mwambie akuonyeshe kibali na hesabu. Akinuna, mpelekee yatima wa jirani mwenyewe.